Samaki Hajiui: Ni Sisi Tunaomuua Ndani ya Kioo



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, mada ya leo huenda ikawachekesha baadhi yenu. Tunataka kuzungumza juu ya samaki wakubwa wanaofugwa majumbani, ambao huonekana wakijigonga vichwa kwenye kioo mpaka midomo ikachubuka, wakijisugua kwenye mawe mpaka magamba yakabanduka, au wakiruka nje ya tangi usiku na kukutwa asubuhi wamekauka sakafuni. Cheka kwanza ukipenda, kisha usome mpaka mwisho.

Hapa kwetu Masafu jambo hili limetufika mlangoni. Familia moja tunayoijua vyema ilinunua kamongo mdogo kwa wavuvi wa Majanji. Kamongo ni yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye ndugu zetu Waganda humwita mamba (si mamba yule wa mtoni mwenye miguu). Fundi wa vioo mjini Busia akawatengenezea tangi, likawekwa sebuleni, watoto wakafurahi. Baada ya miezi kadhaa samaki akawa mrefu kuliko upana wa tangi, hana hata pa kugeukia. Akaanza kugonga kichwa kwenye kifuniko usiku kucha. Pua ikachubuka, ikaota utando mweupe kama pamba. Majirani wakaja kutazama. Mmoja akasema ana wazimu. Wa pili akasema anataka kujiua. Wa tatu akasema ameingiwa na jini, na akaitwa mtu aje kulisomea tangi ruqya.

Na sisi tulikuwepo. Tulisimama pale tukaitikia "Amin" mbele ya maji ambayo hayakuwa yamebadilishwa kwa wiki tatu. Siku ya nne samaki akafa. Kwa hiyo tukiandika kwa ukali leo, ukali huo unaanza na sisi wenyewe.

JE, NI JINI?

Hatukanushi kuwepo kwa majini, Qur'ani imewataja. Wala hatukanushi kuwa Qur'ani ni shifaa. Tunachokikataa ni uvivu uliovishwa kanzu. Yule Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga, aliambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Allah (S.W.). Maji machafu dawa yake ni ndoo.

Hebu tuangalie ukweli wa kamongo. Samaki huyu ana mapafu. Akishakua, hewa iliyomo majini haimtoshi. Ni lazima apande juu avute pumzi, la sivyo atakufa maji, naye ni samaki! Tangi lile lilikuwa limejazwa maji mpaka kwenye kifuniko ili lipendeze machoni mwa wageni. Basi aliyekuwa akigonga usiku kucha alikuwa akitafuta pumzi. Alikuwa akibisha hodi, nasi tukasema ni jini.

JE, ANATAKA KUJIUA?

Mtu mwenye upele hujikuna mpaka akatoka damu. Nani kati yetu husema anajiua? Tunasema anawashwa. Samaki naye ni hivyo hivyo. Kupitia matamvua yake hutoa uchafu uitwao amonia. Ziwani uchafu huo hutawanyika, lakini ndani ya tangi dogo hurundikana, ukaunguza matamvua na ngozi. Wapo pia vijidudu vinavyomng'ang'ania mwilini na kumwasha. Hana mikono ya kujikunia, kwa hiyo hujisugua kwenye jiwe. Anayeruka nje mara nyingi anayakimbia maji yenyewe, na anayejipigiza kwenye kioo mara nyingi ameshtushwa, hana pa kujificha, au nafasi imemwishia.

Wako wanaosema, "Ah, samaki hasikii maumivu." Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti waliwadunga samaki aina ya trauti midomoni, wengine kwa asidi ya siki na wengine kwa sumu ya nyuki. Waliodungwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe na kuta za tangi, na wote waliodungwa sumu hizo walichelewa sana kurudi kula. Waliodungwa maji ya chumvi tu hawakufanya hivyo. Sasa tuambieni, anayesugua pale panapomuuma hasikii?

Huko Italia, mji wa Monza mwaka 2004 na jiji la Roma mwaka 2005 walipiga marufuku kufuga samaki katika bakuli la duara la kioo. Je, sisi tuliofundishwa tangu madrasa kisa cha yule mwanamke na paka tunangoja halmashauri ya mji itutungie sheria? Mwanamke yule aliadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na tangi ni nini kama si chumba kilichofungwa? Samaki wa ziwani maji yakiharibika huhama. Wa sebuleni kwako ataenda wapi?

"LAKINI SAMAKI SI TUNAMLA?"

Swali hili tuliulizwa na kijana mmoja wa sekondari, na ni swali zuri. Ndiyo, tunamla, na ni halali. Lakini Mtume yule yule aliyetuhalalishia kuchinja ndiye aliyeagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Ruhusa ya kumla mnyama haikuja na ruhusa ya kumtesa. Samaki wa kitoweo mateso yake ni mafupi, na wa pambo huteswa miezi mingi, tena mbele ya watoto wetu. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtoto anayezoea kukaa akila chakula cha jioni huku kiumbe kinajipigiza kwenye kioo, na wakubwa wanacheka, anajifunza nini? Anajifunza kwamba anayelalamika bila sauti halalamiki. Kesho atamfanyia hivyo mdogo wake, na kesho kutwa mtumishi wa nyumbani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, pima kabla ya kununua. Yule samaki wa Amerika ya Kusini aitwaye oskari huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini akikua hufikia sentimita 30. Wafugaji wazoefu humpatia oskari mmoja lita 280 hivi, yaani madumu 14 ya lita 20. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 halifiki hata madumu matatu. Na kamongo hupita mita moja. Kama huna pa kumweka akiwa mkubwa, usimchukue akiwa mdogo.

Pili, tangi jipya lipewe wiki nne hadi sita ili bakteria wanaoivunja amonia wapate kuota. Kisha badilisha robo ya maji kila wiki, usiyamwage yote kwa mara moja. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

Tatu, kamongo aachiwe nafasi ya hewa juu ya maji, apewe pa kujificha, na awe peke yake maana huuma wenzake.

Nne, ukishindwa, usimwage samaki wa kigeni katika mto Sio. Sangara aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na alipoongezeka miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilitoweka. Muone afisa wa uvuvi akushauri.

Msituelewe vibaya, hatusemi kufuga ni haramu. Huko Chicago kamongo mmoja wa asili ya Australia, binamu wa huyu wetu, aliwasili mwaka 1933 na akaishi katika tangi la maonyesho mpaka mwaka 2017. Zaidi ya miaka 80! Wetu hakumaliza mwaka.

Asiyeweza kumtunza samaki asione haya kumwacha. Wapelekeni watoto Majanji siku ya Jumamosi wawaone samaki kwenye maji yao, ni bure. Na wewe mwenye tangi sebuleni, ukimaliza kusoma inuka ukalitazame. Kama kuna anayebisha hodi, mfungulie.

Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atupe huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiiq.