Tuifungue Pedi, Tusiivunje

Mwalimu amkutapo kijana ameshika pedi, yaani kile kidude chenye vitufe cha kuchezea michezo ya televisheni, jambo la kwanza alifanyalo ni kumnyang'anya. Hasira hiyo ina sababu, kwani muda wa kujisomea ukipotea haurudi. Hata hivyo, naona kwamba katika shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa, kama kwingineko nchini, tunakosa kifaa cha kufundishia ambacho vijana tayari wanakipenda.

Hebu tufungue skrubu za pedi kuukuu. Ndani mna bodi ya saketi, na juu yake, chini ya kila kitufe, mpira wenye kaboni ipitishayo umeme. Kitufe kikibonyezwa, kaboni huunganisha njia mbili. Kikiachwa, njia hukatika. Basi kitufe si kitu ila swichi. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za transista katika Fizikia hana la kuogopa hapo.

Sasa tuweke maikrokontrola kati ya kitufe na mchezo. Hiyo ni kompyuta ndogo iliyo katika kipande kimoja cha silikoni. Aina ya ATmega328P, itumikayo katika bodi nyingi za Arduino, mradi ulioanzia Italia mwaka 2005, ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu, na betri kavu tatu zatosha kuiendesha. Programu ikiisha kuingizwa kwa kompyuta moja ya shule, hubaki humo hata umeme ukikatika.

Mwanafunzi ataandika amri: kitufe kikibonyezwa, ongeza moja. Atabonyeza mara moja, naye huenda akaona hesabu imefika tatu au tano. Viungo vya swichi hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, nayo mashine ina kasi ya kuona kila mdundo. Akiiamuru ingoje milisekunde 20 kisha isome tena, atakuwa amejifunza jambo ambalo ubao na chaki haviwezi kumpa: kitu halisi hakilingani na mchoro wake, na hapana budi kipimwe.

Nachingwea inalijua somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga, uliohusu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman vilivyosalia baada ya Vita Kuu ya Pili viligeuzwa matrekta ya kufyekea pori. Ugeuzaji huo ulikuwa wa ustadi, lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Kubadili mashine bila kupima mahali itakapofanya kazi ni nusu ya elimu.

Wengine watasema kwamba tutawafundisha vijana hila, maana pedi iliyobadilishwa yaweza kubonyeza kitufe mara 15 kwa sekunde bila kidole kuchoka. Ni kweli, na katika mashindano jambo hilo si haki. Lakini maarifa yayo hayo yaweza kumsaidia mtoto mwenye ulemavu wa vidole: abonyeze mara moja, na mashine imshikilie kitufe mpaka abonyeze tena. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa pedi maalumu kwa wachezaji wenye ulemavu. Darasa na lijadili tofauti ya matumizi hayo mawili.

Tena, faida haiishii mchezoni. Boya katika tangi la maji la shule ya Ruangwa laweza kushika nafasi ya kitufe, taa ikawaka maji yakikaribia kwisha. Kipima unyevu chaweza kutoa onyo katika ghala la korosho. Amri ni zile zile: soma, ngoja, amua, tenda.

Kwa hiyo nawaomba walimu waanze na pedi zilizoharibika, watumie betri tu wala si umeme wa ukutani, na kila kundi liandike daftarini lilichopima kabla ya kubadili lolote. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tumwandae kijana kufikiri na kutenda. Kijana ajuaye kubonyeza tu atabaki mteja wa akili za wengine. Ajuaye kilichomo chini ya kitufe ataweza kukiamuru.