Macho ya Manjano kwa Mja Mzito Si Jambo la Kungoja

Kichefuchefu cha miezi ya kwanza ya mimba hakimshangazi mtu. Lakini kikirudi mimba ikiwa ya miezi 7 au 8, mama achoke kupita kawaida na mkojo wake uwe mweusi kama chai ya strungi, mtazame machoni penye mwanga wa jua. Weupe wa jicho ukiwa umegeuka manjano, huenda ini limeshikwa na maradhi.

Wapo watakaosema ni homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Hiyo ni nyingine. Mara nyingi manjano haya hutokana na virusi vya ini, na kwa mja mzito vya kuogopwa zaidi ni vya hepatitisi E. Hivi huingia mwilini kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi. Watu wengi hupona wenyewe baada ya majuma machache. Kwa mama aliye katika miezi 3 ya mwisho, ini laweza kushindwa na kazi ghafla. Shirika la Afya Duniani lasema kati ya akina mama 100 wanaoambukizwa wakati huo, hata 20 hadi 25 waweza kufariki.

Mwaka wa 2012 ugonjwa huu ulizuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab, ukawashika mamia ya watu. Nasi wa mijini tusijidanganye. Bomba lililopasuka kando ya mtaro wa choo, au mtungi wa kununua usiojua ulijazwa wapi, ni njia ile ile. Maji kuwa maangavu si kuwa safi.

Kwa hivyo, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni atokapo chooni.

Ukiona manjano, mpeleke mama hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu. Yako maradhi mengine ya ini yaletwayo na mimba yenyewe, na daktari ndiye awezaye kuyapambanua. Usimpe mitishamba wala vidonge vya maumivu kwa kubahatisha, kwani huenda vikaliumiza ini zaidi. Akianza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa au kutoka damu puani, hata kama ni usiku wa manane, usingoje kuche.