Lizoeze Sikio Kulijua Gita

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Maneno hayo yafaa kukumbukwa na kila mwenye kaseti za zamani anayetaka nyimbo zake zihamishiwe katika simu au kadi. Aletewapo nakala mbili, aghalabu huchagua ile yenye kelele zaidi, kisha akaitupa kaseti. Kumbe lililopotea ni gita lenyewe.

Kwa jamaa wa Tukuyu jambo hili halina subira. Mvua ya huko huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ni adui wa utepe: huota ukungu, ukagandamana. Na muziki uliomo haurekodiwi upya. Mbaraka Mwinshehe, mcharazaji wa solo wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki mwaka 1979. Nyimbo nyingi za bendi za enzi hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na katika nyumba nyingi kaseti iliyonaswa kutoka redioni ndiyo kumbukumbu pekee.

Basi sikio huzoezwaje?

Kwanza, sawazisha ukubwa wa sauti ya nakala zote mbili, kwani sikio la binadamu hupendelea sauti kubwa hata ikiwa mbovu. Usihukumu mvua inapopiga bati, wala kwa spika ndogo ya simu. Waya mnene wa gita la besi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na spika hiyo haina kifua cha kuutoa mvumo huo. Tumia redio yenye spika kubwa, au spika za masikioni.

Pili, chagua wimbo mmoja uujuao, uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata solo peke yake. Ya pili, ridhimu. Ya tatu, besi. Katika nakala njema kila gita lina mahali pake, nawe waweza kulifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Katika nakala mbovu ridhimu humezwa na waimbaji na tarumbeta.

Tatu, sikiliza mwanzo na mwisho wa kila mlio. Waya ukiguswa hulia kwa ghafla, kisha sauti hufifia polepole. Mwanzo ukiwa kama uliofunikwa blanketi, sauti za juu zimepotea. Ukisikia mkwaruzo kila solo ipandapo, sauti ilizidishwa wakati wa kunakili. Mlio mrefu ukiyumbayumba, utepe haukwenda mwendo mmoja.

Nne, usiogope mchakacho kidogo wa utepe. Anayeuondoa wote huweza kuuondoa pamoja na ukali wa waya, maana vyote viwili hukaa katika sauti za juu.

Mwalimu bora ni gita halisi. Ikiwa mtaani yupo kijana apigaye, mwombe acharaze karibu nawe, kisha uirudie nakala. Kijana huyo naye ana haki yake hapa: hujifunza kwa kuiga, na vidole vyake haviwezi kuifuata ridhimu asiyoisikia.

Hata ukipata nakala njema, kaseti isitupwe wala kufutwa. Ihifadhiwe mahali pakavu, mbali na sakafu na moshi wa jikoni. Mashine bora zaidi yaweza kupatikana kesho. Utepe uliofutwa haurudi.