Maarifa ya Biashara: Bei Mbili za Bati Lile Lile

Mwanafunzi wa biashara mjini Gisenyi akipewa swali la kodi ya ongezeko la thamani, kosa lake la kwanza huwa la hesabu. Huambiwa kwamba mabati yameuzwa kwa faranga 118,000, kodi ikiwa imo ndani, na kwamba kiwango ni asilimia 18. Mara huchukua asilimia 18 ya 118,000, akapata 21,240. Jibu hilo si sahihi. Kodi hutozwa juu ya thamani ya mali, wala si juu ya mali pamoja na kodi yenyewe. Hivyo 118,000 zigawanywe kwa 118, kisha zizidishwe kwa 18. Kodi ni faranga 18,000.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo hufanywa na wenye maduka waliokwisha kuhitimu zamani: kuzihesabu zile 18,000 kuwa ni faida. Kodi hii, iliyoanza nchini Rwanda mwaka 2001, hulipwa na mlaji; mwenye duka ni mkusanyaji tu. Ichukuliwe kwamba aliyanunua mabati hayo kwa faranga 80,000, akatozwa na kodi ya 14,400. Ayauzapo kwa 100,000 na kodi ya 18,000, huzitoa zile 14,400 alizokwisha kulipa, na 3,600 zilizobaki huzipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Faida yake ni 20,000, kabla ya pango na uchukuzi. Aliyezitumia 3,600 hizo kwa karo ya watoto atazitafuta kwa mkopo siku ya kupeleka hesabu ikifika.

Si kila duka linalohusika. Anayelazimika kujiandikisha kwa kodi hii ni yule ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita faranga milioni 20. Asiyejiandikisha hana ruhusa ya kumwongezea mteja asilimia 18. Viazi na karoti mbichi, ambazo soko la Gisenyi halizikosi, zimesamehewa kabisa. Mama wa nyumbani akitozwa kodi juu ya kikapu cha viazi, na aulize.

Ndipo linapokuja swali la soko. Mwenye duka humnong'oneza mteja: bila stakabadhi, bei ni 100,000. Familia ya askari inayoezeka nyumba yake huona imeokoa 18,000, na fedha hizo si haba. Lakini mabati yakianza kuvuja kabla ya masika ya pili, itamdai nani, na kwa ushahidi gani? Mapatano ya mdomo yaweza kuwa mkataba halali. Kuyathibitisha mbele ya hakimu ni kazi nyingine. Muuzaji naye hajasalimika: mkaguzi akiyahesabu mabati ghalani na kuyalinganisha na mauzo yaliyoandikwa, pengo litaonekana.

Tangu mwaka 2013 stakabadhi za kodi hii hutolewa kwa mashine maalumu, na tangu 2024 mlaji wa mwisho anayeiomba kwa namba yake ya simu hurudishiwa asilimia 10 ya kodi aliyolipa. Katika mfano huu, faranga 1,800. Stakabadhi hiyo huwa na namba ya mlipa kodi ya muuzaji, tarehe, na kodi iliyotengwa mbali na bei. Kipande cha daftari kilichopigwa muhuri hakitoshi.