Akifukuzwa kazi, alale wapi?

Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya ukoloni. Kipande cha ardhi ambacho familia hugawiwa huko mara nyingi hakitoshi kuilisha, hivyo watu hutoka kutafuta leja leja, yaani kibarua cha kutwa, kwenye migomba ya jirani au kuchunga ng'ombe kuelekea Kiruhura na Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Anayepata kazi ya mbali hupewa na chumba hukohuko shambani.

Mjadala wa vyumba hivi hukimbilia bati, choo na maji. Hayo ni ya lazima, lakini mimi ningeanza na siku ya kufukuzwa. Bosi akikasirika jioni, kibarua hupoteza mshahara na paa kwa neno moja, naye akilijua hilo hathubutu kudai hata malimbikizo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka ilani ya wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita, na ya mwezi mmoja akishatimiza mwaka. Kibarua wa msimu mara nyingi hafikii hiyo miezi sita.

Wapo wanaotaka tuige Kenya. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya huko, ya mwaka 2007, kinamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au pesa za kupangia. Nasita. Waajiri wengi wa Isingiro ni wakulima wa ekari chache, na wao wenyewe wanaishi kwa shida. Ukimlazimisha mtu wa namna hiyo kujenga, atachukua vibarua wanaorudi kwao jioni, na mtu wa Nakivale ndiye atakayekosa. Mashamba makubwa ya chai ya Bushenyi na Buhweju ni habari nyingine: huko vyumba vikaguliwe kabla mtu hajaingia, kama Marekani inavyofanya kwa vibarua wa kigeni wa msimu.

Kwa wote, wadogo kwa wakubwa, ningeweka sharti moja: ilani ya kuhama chumba isimame peke yake, ya siku 30, hata kama kazi imeisha leo. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi mwaka 1997, ikataka amri ya mahakama kabla ya mkazi wa shambani kuondolewa. Kwetu mahakama ni ghali kwa kibarua, kwa hiyo shauri lianzie kwa afisa kazi wa wilaya.

Mfugaji atauliza mchungaji mpya alale wapi, maana ng'ombe hawasubiri kukamuliwa. Swali lake ni la haki. Basi akihitaji chumba mapema, amlipie anayeondoka kodi ya mahali pengine mpaka siku zitimie, na malimbikizo yalipwe kabla mzigo haujatolewa nje. Na ilani iandikwe kwa lugha anayoisoma huyo mtu, iwe Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi.