Nauli ya Kumponya Mtoto Isiombwe kwa Aliyempiga

Mtoto akivunjwa mkono nyumbani, jambo la kufanya linajulikana. Huchukuliwa fomu ya polisi, ile PF3, akapelekwa hospitali na mkono ukafungwa plasta. Lakini mtoto huyo huyo huenda ameshuhudia mama yake akipigwa usiku kucha, na jeraha hilo halifungwi na mtu. Juma moja baadaye tukimwona anacheza, tunasema amepona.

Wapendwa wazazi, mara nyingi hajapona. Mtoto wa namna hii huweza kuanza tena kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, kuumwa tumbo bila ugonjwa kuonekana, kupigana na wenzake au kunyamaza kabisa. Shuleni hushuka. Wengine humwita mtukutu, wengine husema amelogwa. Wala si watoto wachache. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walieleza kuwa walipata kupigwa au kutishiwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18.

Tiba yake ni ushauri nasaha: mtu aliyefunzwa kumsikiliza mtoto, akamsaidia kusema yaliyompata na kuishi bila hofu. Si lazima awe daktari. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida walifundishwa kuwahudumia watoto waliofiwa na wazazi, katika vikundi, kwa majuma 12. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Katika maeneo matatu kati ya manne watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida. Baada ya mwaka tofauti hiyo ilibaki Kenya tu. Upande wa Moshi wenzao walikuwa wamewafikia. Funzo ni kwamba kazi hii inawezekana bila wataalamu wakubwa, ila inadai kurudiwa na kufuatiliwa.

Hapo ndipo familia ya Ngerengere inapokwama. Kumfikisha mtoto Morogoro mjini mara moja huwezekana. Mara 12, mama na mtoto, kwenda na kurudi, nani atalipa? Katika nyumba nyingi mwenye fedha ni baba, na pengine ndiye mpigaji. Tukiiachia familia gharama hii, tunamtuma mama akaombe nauli kwa mtu yule yule aliyemjeruhi mtoto. Ndiyo maana tunasema gharama hii ni ya umma.

Wapo wasemao mambo ya nyumbani yamalizwe na ukoo. Kwetu Uluguru mjomba ana sauti, na tunamwomba aitumie kuzuia fimbo. Lakini kumtibu mtoto kunadai mafunzo na siri, na kikao cha ukoo hakina siri. Wengine husema serikali haina fedha. Tukumbuke kuwa mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika huduma za jamii, na kwa miaka mingi hospitali ya Mtakatifu Fransis, Ifakara, ilikuwa hospitali teule ya wilaya ikisaidiwa na fedha za umma. Kama fedha hizo ziliweza kutibu mwili, ziweze na moyo. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake.

Tunachoomba si jengo kubwa. Kila kata iwe na washauri wawili waliofunzwa na wanaolipwa posho, chumba kimoja chenye faragha katika zahanati au kituo cha afya, na afisa ustawi wa jamii wa kuwasimamia. Akihitajika mtaalamu wa mjini, nauli itoke halmashauri.

Jambo hili lianzie kwetu. Lisemwe katika jumuiya ndogo ndogo, lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kwa diwani mapema, bajeti ikiwa bado inatengenezwa, kwani mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wakati tukisubiri, mzazi au jirani asinyamaze: namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea taarifa. Mtoto hawezi kuhudhuria mkutano wa bajeti. Twende kwa niaba yake.