Kodi ya Miezi Sita



Wapendwa, wiki hii tulimpokea mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo, akiwa na watoto watatu na magodoro mawili. Hakukosa kazi, huuza maandazi, na hajawahi kulaza kodi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, naye alikuwa na ya mwezi mmoja.

Je, twaionea Serikali tukiihoji? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes (1965), unayataja makazi pamoja na chakula na mavazi miongoni mwa haki za binadamu. Nchi yetu ililitambua hilo mapema, ikaunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Lakini sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji maskini akaachwa apatane peke yake na mwenye nguvu. Nyumba za kuuzwa, hata zikiitwa za gharama nafuu, mama huyu atazinunua kwa maandazi yapi? Anachohitaji ni chumba cha kupanga, kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na sheria imlinde.

Walakini tusimtazame waziri tu. Baadhi ya wanaodai miezi sita twapeana nao amani ya Kristo kila Dominika. Nasi wenyewe tuna vyumba viwili nyuma ya ukumbi, vimejaa viti vibovu kwa miaka. Jana tumeanza kuvitoa. Hadi Jumamosi, mama na wanawe wanalala kwa masista.